Nilivyotafsiri Klima Nikiwa Nyuma ya Nguzo

Chekeni sasa hivi mmalize, halafu mniache nisimulie, maana aibu hii nimeibeba Kasongo nzima, na hata leo nikipita karibu na ukumbi wa parokia wale mama wapishi wananiita, "Agronomu, leo huna njaa ya sombe?" nami naongeza mwendo kana kwamba kuna mtu ananisubiri mbele.

Mimi ni Assani, agronomu, yaani bwana shamba, wa hapa Kasongo. Kazi yangu ya kila siku ni mihogo na mpunga wa watu, lakini Mungu alinipa ulimi mwepesi wa Kifaransa (mke wangu Feza anasema ni ulimi mwepesi tu, Kifaransa nimekiongeza mwenyewe), kwa hiyo kila mgeni akifika, shefu, mkubwa wangu wa kazi, ananiita nitafsiri. Safari ile mgeni alikuwa Madame Clarisse, ametumwa kutoka Kinshasa kuja kukusanya maombi ya Kasongo na Kabambare kwa ajili ya mpango wa taifa wa mambo ya tabianchi, ambao sisi hapa tunauita klima, basi. Maana huko nyuma kila proje, yaani mradi, ilikuwa inakuja peke yake na pikipiki zake na kofia zake, hii inawaambia watu pandeni miti bondeni, mwaka unaofuata inakuja nyingine inawaambia watu wale wale, bonde lile lile, limeni mpunga, miti inang'olewa, na pesa za wote wawili zinapotea hivi hivi. Sasa walitaka kila eneo liseme lenyewe linahitaji nini, yote yaingie katika mpango mmoja, na wenye pesa wausome mpango huo kabla ya kutoa chochote. Sharti la Madame lilikuwa moja: jambo ambalo mjumbe hakuliomba kwa kinywa chake, pale kikaoni, haliingii.

Nami nilikuwa na langu moyoni. Nimeoa Wamaza, kule Kabambare, na nimeona kwa macho yangu jinsi mvua ya siku hizi isivyojua tena msimu, inaanguka mpunga ukiwa umeanikwa kwenye mikeka, watu wanakimbia huku na huku kukunja na kubeba, wanachokiokoa wanakiokoa, kilichobaki kinaota mle mle kwenye mkeka kama kimepandwa, jasho lote la msimu limepotea. Walichotaka ni nyumba ya kukaushia, yaani paa na sakafu ngumu, basi. Niliitamani nyumba ile kama yangu, kwa sababu mpunga unaolisha watoto wangu unatoka huko.

Jioni ya kuamkia kikao, Feza alikuwa anachambua maharagwe, akaniambia bila kuinua kichwa, "Mujumbe wa Wamaza iko mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Mama mukwe wako. Amekwisha kufika, analala kwa shangazi."

Hapo lazima niwaeleze. Kwa upande wa mke wangu, bukwe si mchezo. Mama mkwe humwangalii usoni, humshiki mkono, huli mbele yake, na kama una neno naye unamtuma mtu wa katikati. Mimi nikifika kwake Wamaza ninaanza kukohoa tangu barabarani ili apate nafasi ya kuingia jikoni. Miaka yote tangu nimwoe Feza, mama yule namfahamu kwa sauti na kwa visigino.

"Umwambie shefu," Feza akasema. "Atafute mutu mwingine wa kutafsiri."

Neno dogo tu, na lingemalizika asubuhi kabla ya chai. Lakini nilikuwa nimekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mgeni wa Kinshasa atasema kwa mdomo wangu, na suruali nyeupe nimeipiga pasi (nyeupe, jamani, kwenye mkutano unaopikiwa sombe, majani ya mihogo yanayoogelea mawese), nikajidanganya kwamba ukumbi ni mkubwa, nitasimama mbali, nitaangalia dirisha. Nikanyamaza.

Na mwanzoni kweli mambo yalikwenda vizuri. Wajumbe waliketi kwa mistari, mama mkwe, yaani Mama Feza, nyuma kabisa, mimi mbele, macho yangu kwa Madame tu, nikatafsiri kwa madaha mpaka nikaanza kujipenda. Ndipo Madame Clarisse akapiga makofi akasema hataki watu wakae kama wanasubiri daktari, tufanye duara, kila mmoja amshike jirani yake mkono na kujitambulisha, maana hata mpango huu ni kazi ya kushikana mikono. Nami mjinga nikalitafsiri lote, vizuri kabisa, kabla kichwa hakijasikia mdomo umesema nini.

Viti vikaburutwa. Duara, ndugu zangu, halina nyuma wala pembeni. Nikahamia upande wa mlango, kumbe naye kwa heshima zake anahama kunikimbia mimi, tukawa tunazungukana macho chini kama watu waliodondosha sindano, mpaka wote wamekwisha kushikana na tumebaki sisi wawili, na mikono miwili ambayo haijapata mwenzake ni wa kwake na wa kwangu. Nikaviona visigino vile vimesimama mbele yangu. Nikarudi nyuma. Nikarudi tena. Nyuma yangu wapishi walikuwa wamekwisha kuingiza chakula, masufuria yamepangwa chini juu ya majani ya migomba, na mimi nikakaa. Nilikaa vizuri kabisa, kama mtu aliyekaribishwa, ndani ya sufuria ya sombe.

Haikuwa ya moto sana, namshukuru Mungu, ila mawese hayakuwa haba.

"Agronomu!" mpishi mmoja akapiga kelele. "Viti viko!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, na mimi nikainuka nikakimbilia chumba cha nyuma wanamoweka mabenchi, nikafunga mlango, nikasimama humo natiririka mawese, nikiomba paa liniangukie kwa utaratibu. Baadaye kidogo mlango ukafunguliwa, mkono wa mpishi mmoja ukanitupia kitenge cha majogoo wekundu, mlango ukafungwa. Nikavua suruali, nikajifunga kitenge, nikaamua sitoki humo mpaka wote warudi makwao.

Lakini kikao hakiwezi kusubiri suruali ya mtu. Shefu ilibidi atoke kutafuta chakula kingine (sombe niliyokalia ingeliwa na nani?), na kabla hajatoka alimwomba Bwana Shabani atafsiri badala yangu. Shabani ni mfanyabiashara, mjumbe wa Salamabila, mtu mwema, Kifaransa chake kizuri, tatizo lake kichwani mwake kuna jambo moja tu, nalo ni barabara. Pikipiki zake zimezama kwenye matope ya njia ile mpaka anaiota.

Nikaisikia sauti ya mama mkwe kupitia mlango, taratibu, sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njia nzima. "Sisi watu wa Wamaza tunaomba nyumba ya kukaushia mupunga. Mvua inatukuta na mikeka inje. Tunalima, tunavuna, halafu tunatupa."

Na Shabani, kwa Kifaransa safi, akamwambia Madame: watu wa Wamaza wanaomba barabara nzuri mpaka Salamabila, ili mavuno yao yasiharibike.

Nikangoja mtu amsahihishe. Waliojua Kifaransa wengine walikuwa bado wanafuta machozi ya kunicheka mimi. Nikamsikia Madame akisema vizuri, barabara, tuendelee na mjumbe mwingine. Na mama yule, ambaye hakujua kilichosemwa, nikamsikia anashukuru. Aksanti sana, anasema, aksanti, Mungu awabariki. Jamani, ile aksanti ilinichoma kuliko mawese. Ametoka Wamaza juu ya pikipiki kuja kuliomba jambo moja, limepotea mbele yake, na anashukuru.

Nikatoka. Na kwa kuwa sikuweza kumkabili, nilitoka kinyumenyume, nimejifunga majogoo, naupapasa ukuta kwa mkono, mpaka nikaifikia nguzo nene iliyo katikati ya ukumbi, nikajificha nyuma yake, nikapaza sauti, "Madame, si barabara!"

Nikamweleza Madame kilichoombwa hasa.

"Lakini ndugu yangu," Shabani akasema, na wala hakukasirika, "ule mupunga utapita wapi bila barabara?"

"Utapita ukiwa mukavu!" nikamjibu kutoka nyuma ya nguzo.

Watu wakacheka tena. Madame akasema kama ni hivyo, mama aseme upya, mimi nitafsiri, na tukakwama pale, kwa sababu mama asingeweza kunielekea kuongea nami, wala mimi kumwelekea kumsikiliza. Nilisikia kiti kinasogea. Nikasikia visigino vinakuja, vinakuja, vikasimama upande wa pili wa nguzo.

"Weye nguzo," mama mkwe akasema.

Shabani akageuka kuiangalia nguzo.

"Weye nguzo, sikia. Kwetu mvua imekuwa kama mugeni hana adabu, inaingia bila kubisha. Mwaka jana jirani yangu alianika, akaenda muto, kurudi mupunga wote iko maji. Alikaa chini akalia kama amefiwa. Hatutaki proje mingi. Tunataka paa na chini pagumu. Umwambie ule madame."

Na nguzo, yaani mimi, ikamwambia Madame kwa Kifaransa. Madame akauliza kwa nini mama anaongea na nguzo, na shefu, aliyeingia wakati ule na sufuria ya maharagwe, akamweleza habari za bukwe. Nilichungulia kidogo nikamwona Madame amefunika mdomo, nikadhani anacheka, kumbe anajifuta macho. Akasema kwao baba yake aliishi hivyo na mama mkwe wake mpaka mama huyo akazikwa. Kisha akauliza nyumba iwe na ukubwa gani, nani ataitunza, na kila swali lake lilipitia kwenye nguzo na kila jibu lilirudia hapo hapo, mpaka nyumba ya kukaushia ikaingia kwenye mpango. Shabani naye akaomba barabara yake kwa kinywa chake, ikaingia, na niliitafsiri vizuri kuliko yote, maana mtu asidhani nina kinyongo.

Watu walipoanza kuinuka kwenda kula, nikasikia kitambaa kinafunguliwa. Mama mkwe alikuwa amevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, kama mama wetu wanavyovaa wakiwa na safari. Akakivua cha juu, akakikunja, akakiweka chini ya nguzo, upande wangu.

"Nguzo," akasema, polepole sasa, "umupe mukwe wangu hiki, ile ya majogoo arudishe kwa mwenyewe. Na umwambie, mutu mwenye kukubali kukaa mu sombe kuliko kunivunjia heshima, ule hapana mukwe tena. Iko mutoto wangu."

Nililia nyuma ya nguzo ile. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na kwa muda mrefu hakuna mwanamke wa umri ule aliyekuwa ameniita hivyo.

Mpango ukaenda Kindu kwenye makao ya jimbo, ukaenda Kinshasa, kukawa kimya kirefu mpaka nikaanza kuona aibu mara ya pili, kila Feza akiniuliza nasema bado. Halafu siku moja habari ikaja kwamba mabati yamefika Wamaza, sakafu wataijenga wanakijiji wenyewe. Walipomaliza walituita. Safari hii shefu aliponiambia nitatafsiri, nilimjibu hapo hapo, kabla hajamaliza sentensi, "Shefu, kule kuna mama mkwe wangu," na nimeapa kwamba mahali popote penye bukwe nitasema mapema, hata kama aliyekuja ni mgeni mkubwa namna gani. Suruali nyeupe nimempa mdogo wangu.

Nilifika nikikohoa tangu barabarani. Nyumba ilikuwa nzuri, mpunga umetandazwa sakafuni mkavu na mvua inapiga bati juu, na katikati kabisa kulikuwa na nguzo moja fupi ambayo haikufika hata kwenye paa, haikushika kitu chochote. Nikamuuliza fundi ni ya nini.

"Hata mimi sijui," akasema. "Mama Feza alisema iko ya mukwe wake."

Nikaenda nikasimama kando yake, nikalielekea bonde. Upande wa pili visigino vikaja vikasimama.

"Weye nguzo, umeamka muzuri?"

"Nimeamka muzuri, mama," nguzo ikajibu.