Boksi la Juisi ya Mke Mwenzangu

Mwaka 1993, wakati wa masika, nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita, mke mwenzangu alianza kumletea mama mkwe wetu juisi ya boksi. Mume wetu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mama, mgonjwa wa kisukari, aliishi nami Temeke. Mwenzangu alikaa Sinza na kuja kila Ijumaa.

Mimi ndiye niliyempikia uji wa ulezi usiotiwa kitu, nikampeleka kliniki kila mwezi. Hakuwahi kunisifu. Boksi likifunguliwa, alisema, "Huyu ndiye anayekijua kinywa changu." Maneno hayo yaliniwasha kama upupu.

Ijumaa ya kwanza ya Aprili nililishika boksi, nikitafuta kosa. Nilikuwa nimefaulu kidato cha nne mwaka 1989, nikisoma na watoto wa umri wa wanangu, na Kiingereza nilikimudu. Mbele, juu ya picha ya zabibu, iliandikwa kwamba haikuongezwa sukari.

"Linasemaje, bi mkubwa?" mwenzangu akauliza. "Au macho yamechoka?"

Sikutaka anione nikisita. "Haina sukari," nikamjibu. Sikuligeuza.

Mwishoni mwa Mei mama alilegea, akawa anashinda akiomba maji. Muuguzi wa kliniki alisoma ubavuni mwa boksi nililokwenda nalo, kwenye herufi ndogo kama mayai ya chawa: juisi ya zabibu iliyochemshwa hadi ikawa nzito.

"Hawakuongeza, mama," akaniambia. "Sukari imo tayari, tele."

Kabla ya kumhurumia mgonjwa, nilifurahi. Mwenzangu alikuwa amepatikana. Nikaomba kikao cha ukoo.

Kilikaa sebuleni kwangu, Jumamosi ya pili ya Juni, chini ya uenyekiti wa kaka mkubwa wa marehemu mume wetu. Niliwasomea ubavu wa boksi, neno kwa neno. "Asikanyage hapa tena," nikamalizia.

"Bi mkubwa," mwenzangu akasema taratibu, "mie niliishia darasa la pili. Nani alinisomea?"

Shemeji akanigeukia. "Ulimwambia haina?"

"Nilisoma mbele tu."

Akaamua: maboksi marufuku, mwenzangu aendelee kuja, na kliniki tupokezane. Yakaandikwa, tukatia saini wote wawili.

Mama alijisogeza mkekani, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake. "Njoo ukae, mwanangu."

Hakuwa akiniita mimi.