Mikono Mitatu na Shibiri Moja

Juzi nilienda soko la hapa Lilongwe kununua kitambaa cha pazia. Chumba changu kina dirisha moja tu, nalo nililipima nilivyozoea, kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Muuzaji akaniuliza, "Mamita angati, amayi?" Alitaka mita. Nikamjibu mikono mitatu na shibiri moja, na hapo hapo nikakumbuka kipimo hicho ni cha nani. Yeye alicheka sana. Mimi nikaondoka bila pazia, na acha nikuambie kwa nini.

Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa koko, mama wa mama yangu. Ndivyo tunavyowaita sisi tuliotoka Fizi. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilinguruma barazani tangu asubuhi, vumbi jekundu likitua juu ya vitenge vya watu. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano, maana macho yake yalishachoka. Utepe wa mita hakuutaka kuuona. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima moja, basi, hesabu imekwisha. Hata usipa, dagaa wa Malawi, aliuita ndagala waliopotea njia, akaukaanga na kuula na bugali ambayo jirani zetu waliita nsima. Mkaidi yule mama, ee Mungu wangu!

Mama yangu sikumjua. Vita vilipotukimbiza, koko alinibeba mgongoni, mama akawa nyuma na mizigo, watu wakachanganyika njiani, na hatukumwona tena. Picha hatukuwa nayo hata moja. Kila nilipouliza mama alikuwaje, koko alinipa alichokuwa nacho, yaani kipimo.

"Toka kisigino mpaka utosini, mikono mitatu na shibiri moja," alisema. "Nilimupima miye mwenyewe, Noeli ya mwisho, juu ya kumushonea robe."

Basi siku moja shuleni mwalimu akatufundisha vipimo vya zamani. Akasema mkono mmoja ni karibu nusu mita. Nikainama kwenye daftari, nikamgeuza mama yangu kuwa mita: moja na sentimita sabini na tano. Mwalimu akatia alama ya sahihi. Weee, nilivyojivuna! Mama yangu alikuwa mrefu kuliko mwalimu mwenyewe.

Tangu siku ile, kila lori lilipoleta wageni wapya kambini, nilikuwa wa kwanza kufika. Nilitafuta wanawake warefu tu. Wafupi niliwapita bila hata salamu, nikisukuma mabegi na masufuria yao. Mmoja nakumbuka alikuwa na kilemba cha kijani. Alinitazama sana, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu, lakini nyuma yake niliona mrefu akishuka, nikamkimbilia huyo. Mrefu alikuwa mtu wa Burundi. Alinipa biskuti.

Siku chache baadaye koko alikuja kunitoa kwenye lori jingine, akanikuta nimeshika nguo ya mwanamke mrefu nisiyemjua.

"We mutoto, unafanya nini hapa?"

"Natafuta mama."

"Ule si mama yako. Mama yako iko mufupi, sawa miye."

"Lakini ulisema mikono mitatu na shibiri moja!"

"Ya mukono wangu! Mi siyo mwalimu wako."

Nyumbani nilitoa rula, nikailaza juu ya mkono wake uliojaa alama za sindano. Sentimita arobaini na tatu. Nilirudia hesabu mara tatu, nikidhani nimekosea. Mama yangu alikuwa mita moja na nusu, hana zaidi. Nikalia mpaka koko akaacha cherehani, nami nikamwambia habari ya kilemba cha kijani.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alivaa viatu, akanishika mkono, tukaenda nyumba kwa nyumba tukiuliza. Wengine walisema yule mwanamke amekwenda Madisi kutafuta vibarua, wengine wakasema ameondoka Malawi kabisa. Jina lake hakuna aliyelishika. Njiani kurudi koko alisema, "Kama ilikuwa yeye, angekuita." Angenitambuaje aniite, wakati aliniacha bado nanyonya? Sidhani yeye mwenyewe aliamini.

Koko tulimzika Dzaleka, na mkono ule ukaenda naye. Cherehani iko kwa watu, na siku hizi hata mafundi wa kambini wanavaa utepe shingoni. Mtu ukimwambia shibiri anadhani unamtania. Mimi huku mjini sina wa kusema naye habari hizi, ndiyo maana nakuchosha wewe. Upweke nimeuzoea, lakini sijauzoea vizuri.

Siku ile ya pazia, nikitoka sokoni, nilipita mbele ya duka la vioo. Ndani yake mwanamke mfupi, kilemba kichwani, mtu mzima kidogo, alikuwa amesimama ananitazama. Nilimwendea mbio, salamu ya kwetu iko mdomoni, mpaka kiganja changu kikagonga kioo, na kilemba kile kilikuwa changu.

Wapita njia walinishangaa. Nikabaki nimesimama pale, na koko hayupo wa kuja kunishika mkono na kuniambia, ule si mama yako.