Ukifika Kwenye Mkaratusi, Shuka

Siku niliyopanda Shume peke yangu kwa baiskeli, kila mtu alinishauri, na ushauri una kawaida ya kunipandisha hasira. Nilikuwa nimelala Lushoto mjini. Nia yangu ilikuwa kupita Shume, kisha kuteremka upande wa pili hadi Mnazi, kwa dada yangu, kabla giza halijaingia. Mhudumu wa nyumba ya wageni aliniuliza kama mume wangu anajua. Nikamwambia anajua, tena ndiye aliyetia tairi upepo. Sina mume.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Udongo mwekundu ulikuwa umegeuka uji, na uji ule wenye mchanga ulikula raba za breki tangu asubuhi. Niliposimama kuzikagua, ya nyuma ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Za akiba nilizisahau nyumbani Dodoma, juu ya friji. Niliziona kabisa kwa macho ya moyo zilivyokaa pale. Lakini mtu anapopanda mlima breki si kitu. Nikaamua kwamba ya kushuka yatajulikana wakati wa kushuka.

Msitu wa Shume ni misonobari iliyopandwa kwa mistari, na ukungu ukiingia huoni mstari wa pili. Niliogopa, nasema kweli. Kwetu Dodoma ukimwona mtu anakuja, unapata muda wa kumfikiria. Kule mtu anatokea akiwa ameshakufikia. Wanawake waliobeba kuni walinisalimu kwa Kishambaa, wakisikia ninavyojiumauma wakahamia Kiswahili, na wote waliniuliza neno moja.

"Unashuka?"

"Nashuka."

Wakatazamana, wakaendelea na safari yao. Tangu nifike milima ile nilikuwa nimeshazoea kuchekwa, mwanamke mzima juu ya baiskeli, na matope mpaka masikioni. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Msitu ulipokwisha palikuwa na kibanda cha chai. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, amejitanda kanga juu ya sweta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia."

Alinimiminia chai, akaniwekea maandazi, akaketi kunitazama ninavyokula. Kisha akazungumza Kishambaa na mteja mwingine, mwanamke mwenye tenga la kabichi, na katikati ya maneno yao nikasikia Mnazi, nikasikia pikipiki. Mwenye tenga akatikisa kichwa.

"Mwanangu," mama akasema, "ulale hapa kwangu. Mnazi utakwenda kesho, jua likitoka."

"Dada yangu ananisubiri, mama."

"Haya. Basi ukifika kwenye ule mkaratusi ulioanguka, shuka. Umenisikia? Shuka palepale, usingoje kona."

"Nitashuka, mama."

Nilidhani ananielekeza njia. Nikamshukuru harakaharaka, kwa sababu nilikuwa nimechoka na watu wema.

Mkaratusi niliukuta, umelala kando ya barabara, mizizi juu. Pale njia ziligawanyika: moja iliendelea na ukingo wa mlima, nyingine ikateremka kwa ghafla upande wa Mnazi. Nikashika ya kuteremka, kama nilivyoambiwa.

Haukupita muda nikakuta matawi ya msonobari yametandazwa katikati ya barabara, majani bado mabichi. Nani asiyejua maana yake nchi hii? Mbele kuna gari bovu. Na gari bovu halimzuii mwenye baiskeli, anapita pembeni. Nikayakwepa, tena nikajiona mjanja.

Hapo breki ya nyuma ikaanza kulia, chuma juu ya chuma. Kisha ikaacha kulia, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Ya mbele nikawa naibana kidogo kidogo, nikisikia inavyokwisha vidoleni mwangu. Kulia palikuwa na ukuta wa udongo, kushoto ukungu mtupu. Ndani ya ukungu ule nilisikia sauti za wanaume, zikitoka chini sana, mahali ambapo barabara haiwezi kuwa. Nilitaka kusimama nikashindwa. Njia iliyobaki ilikuwa kujibwaga, nayo sikuwa na moyo wa kuifanya. Nilimwita mama yangu, aliyekwisha kufa zamani.

Mbele ya kona nikaona wanawake wameketi chini, kanga vichwani, kimya. Ukiona wanawake wameketi hivyo huhitaji kuuliza. Ni msiba. Na mimi nimelelewa kwamba mtu hapiti msibani akiwa juu ya baiskeli: anashuka, anaikokota, anatoa pole, akishapita ndipo anapanda tena. Baba alinichapa kwa hilo nilipokuwa mtoto, fimbo za kweli, mbele ya wenzangu. Basi mimi niliyeshindwa kujibwaga kwa ajili ya uhai wangu, kwa ajili ya adabu nikajibwaga.

Niligeuza usukani kuelekea ukutani. Goti likachunika, kiwiko kikachunika, na mdomo ukajaa udongo. Nikainuka, nikavuta mtandio kichwani, nikaikokota baiskeli mbele yao.

"Poleni, mama zangu."

"Asante. Pole na wewe."

Nikapinda kona kwa miguu, na barabara haikuwepo. Ilikuwa imemeguka yote, toka ukutani mpaka ukingoni, hatua chache tu kutoka pale niliposimama. Chini, wanaume walikuwa na kamba na shuka jeupe. Nikaegemea tandiko la baiskeli.

Mzee mmoja aliyekuwa akisimamia kamba alinikamata mkono, akanirudisha nyuma.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Ni nani?"

"Mgeni. Alitoka Same na pikipiki, kununua karoti. Jana jioni hiyo." Akaitazama baiskeli, akalitazama goti langu. "Wewe hukupita kwa mama wa chai?"

"Nimepita."

"Hakukwambia ushuke?"

"Aliniambia."

Mzee akaguna. "Na huyu aliambiwa. Nilikuwa palepale, nakunywa chai. Ukifika kwenye mkaratusi, shuka. Akajibu vizuri tu, nitashuka, mama. Ninyi wageni hamsikii. Tangu jana yule mama anasema, laiti angenisikiliza, angeshuka akaisukuma, akaliona shimo kabla hajalifikia."

Ningeweza kuitikia tu kwamba wageni hatusikii, yakaisha.

"Alimsikia, babu," nikasema. "Alishuka. Kama mimi nilivyoshuka."

Hakunielewa mara moja. Alinitazama, akautazama ule mteremko niliokuja nao, kisha akarudia lile neno peke yake, "shuka", kwa sauti ndogo. Nikaona uso wake unabadilika.

Akamkabidhi mwenzake kamba. Akaanza kupanda mlima bila kuniaga, kwa haraka isiyolingana na umri wake, kuelekea kibandani, ambako wapita njia wengine walikuwa wanamiminiwa chai na kuambiwa washuke. Nilijua kitakachomfika yule mama atakapoelezwa. Nilitamani kumwita mzee arudi. Sikumwita.