Mwandishi wa Kiebrania Jikoni Kwetu Tensta

Mwalimu alinipa mwandishi mashuhuri wa Kiebrania nimweleze mbele ya darasa. Mimi mbele za watu sauti hukauka, kwa hiyo nilijaribu kwanza jikoni, kwa Kiswidi, lugha ya shule huku mtaani kwetu Tensta. Mama alikuwa anasonga ugali.

"Huyo mtu wako simwelewi. Sema Kiswahili, ama toka jikoni kwangu."

Nikababaika. Nikasema kwa Kiswahili kwamba nyumbani kwa mwandishi huyo walizungumza lugha nyingine, Kiebrania alikipata vitabuni, na vitabu vyake vya kwanza havikusomwa, ila aliendelea kuandika mpaka dunia ikamjua.

"Ee, huyo sasa namwelewa! Na wewe endelea, hata ukikosea."

Kesho yake darasani nilisimama, na sauti ilitoka. Tangu siku ile naandika katika daftari hili kwa Kiswahili, hata nikikosea.