Kuanzia Kulia

Kosa langu la kwanza katika kazi hii nililifanya kwa bidii ya wiki tatu nzima. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nikimaliza chuo cha ualimu na kuishi kwa mjomba wangu, mtaa wa Mabatini. Maktabani nilikuwa nimenakili jedwali la nukta nundu, maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole, nikaamua kujifundisha mwenyewe. Fundi wa makarai alinikatia vipande viwili vya bati, kimoja akakitoboa vidirisha. Nilibana karatasi ya kalenda kuukuu katikati yake, nikadonoa nukta kwa msumari. Nilijaza ukurasa kuanzia kushoto, kila herufi kama ilivyokuwa kwenye jedwali.

Nikaupeleka kwa jirani yetu, dada mmoja wa Nansio asiyeona, aliyesoma hadi darasa la saba na sasa aliuza karanga mbele ya duka la mitumba. Tangu aache shule hakuwa amegusa ukurasa. Alipapasa mstari wa kwanza, akarudia, kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mdogo wangu, hii umewaandikia sangara wa ziwani?"

"Ina nini, dada?"

"Ukidonoa juu, nundu inatokea chini, na mimi nasoma huko chini. Umenigeuzia kila kitu, mwisho ndio umekuwa mwanzo. Anzia kulia, na kila herufi uigeuze."

Jedwali langu halikuwa na maelezo hayo. Nilianza upya siku ileile. Kila alasiri nilimpelekea ukurasa mmoja, naye aliusahihisha bila huruma. Nilichojifunza kwake hakikuwamo katika daftari lolote la chuoni.

Mjomba hakupendezwa. Kiwanda cha pamba cha serikali kilikuwa kimempunguza kazi baada ya miaka mingi, na ajira ya serikali hakuiamini tena. Sasa alikuwa msimamizi katika kiwanda kipya cha minofu ya sangara.

"Nimekuombea nafasi," aliniambia. "Jumatatu saa moja asubuhi uwe getini."

"Jumatatu nina usaili, mjomba. Kozi ya elimu maalumu, ya kufundisha wasioona."

"Watu wote wanakimbilia biashara, wewe unakimbilia vipofu! Kwani ukoo wetu una kipofu?"

"Hauna."

"Basi usituitie upofu. Na usipofika getini, kitanda changu utaniachia."

Jumatatu nilikwenda kwenye usaili.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti alipekua faili langu na kushangaa.

"Alama zako nzuri. Kozi hii huombwa na waliokosa kwingine. Imekuwaje, umeokoka?"

"Hapana, mzee. Najua kuandika nukta nundu na nataka kuifundisha."

"Haya, tuandikie hapa sababu zako."

Nilitoa bati langu na msumari, nikabana karatasi, nikaanza upande wa kulia.

"Hata pa kuanzia hapajui!" mwenyekiti alisema. Wenzake wakacheka.

Sikuinua kichwa. Niliandika mistari minne, nikageuza karatasi na kumpa. Aliitazama, akaizungusha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mimi nitajuaje umeandika nini?"

"Hivyo ndivyo mtoto asiyeona anavyokaa mbele ya ubao wetu, mzee. Na huyo tunamwita mzito."

Mwenyekiti aliikunja karatasi kupita katikati ya nundu zangu, akaitia kwenye faili, akaniambia niende. Niliamini nimejiharibia, lakini sikutamani kulirudisha hata neno moja.

Nafasi ya kiwandani alipewa mwingine. Nilibeba godoro langu hadi mtaa wa Mirongo, kwenye chumba cha mwanafunzi mwenzangu. Mjomba hakutoka kuniaga.

Wiki kadhaa baadaye barua ikaja: nimechaguliwa. Niliinakili yote kwa nukta nundu, nikampelekea dada wa karanga. Alikuwa ndiyo kwanza ameishika, mjomba alipopita kununua karanga akitoka kazini, mabuti yake ya mpira yakinuka samaki.

"Shikamoo, baba," dada alimwamkia.

"Marahaba. Makaratasi gani tena hayo?"

"Barua ya mpwa wako. Isome."

Mjomba aliichukua, akaitazama mbele na nyuma.

"Haina kitu."

"Ina kitu, baba. Wewe tu ndiye hujui kusoma. Lete nikusomee."

Akamsomea kwa sauti, kuanzia anwani, polepole, bila kuruka hata sehemu inayotaja shuka na ndoo. Mjomba alisimama akiwa na karanga kiganjani, asizile. Dada alipomaliza, mjomba alikohoa. Hakunitazama.

"Rudia hapo," alimwambia. "Siku ya kuripoti ni lini?"