Maharagwe Yaliyokataa Kuiva Gatina

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mama yangu alihukumiwa kwa sufuria mbili za maharagwe, mchana kweupe, mbele ya ploti nzima, na hakuna mtu mzima aliyefungua mdomo kumtetea. Leo nina wajukuu. Lakini mpaka leo nikibandika maharagwe jikoni, hasira hunichemka kabla maji hayajachemka.

Tulikuwa tumetoka Mashimoni, kule Kibera, tukahamia Gatina, Kawangware, kwa sababu Baba alikuwa seremala na alipata kazi karibu na huko. Ilikuwa miaka ya sabini, na Gatina bado ilikuwa na mahindi katikati ya nyumba. Wenyeji wenye mashamba walikuwa wameanza kujenga vyumba vya mbao kuzunguka ua na kuvikodisha kwa watu kama sisi, tuliotoka Magharibi mwa Kenya. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi, choo kimoja na mfereji mmoja, bomba la maji la wote. Mwenye ploti tulimwita Baba Wanjiku, kwa jina la binti yake ambaye alikuwa rika langu. Yeye na familia yake walikaa upande wa mbele, kwenye nyumba ya mawe yenye tangi la kukinga mvua, na tangi hilo lilifungwa kwa kufuli. Kufuli kwa maji ya Mungu! Lakini wakati huo sikuona ajabu yoyote.

Mama aliupenda ule mfereji jamani. Mashimoni alikuwa akipanga foleni kwenye kibanda cha maji na kubeba mtungi kichwani. "Nekesa, ona," aliniambia siku ya kwanza. "Huku unafungua tu!" Alicheka akafungua tena.

Hazikupita wiki mbili maharagwe yakaanza kukataa. Unayabandika asubuhi, makaa yanaisha, unaongeza mengine, na saa kumi jioni ukilibonyeza moja linakuteleza kidoleni, gumu vilevile. Tena haikuwa kwetu peke yetu, ilikuwa vyumba vyote kumi. Birika za watu ziliota ukoko mweupe ndani. Sabuni nayo ikawa unasugua, unasugua, povu hakuna, na mashati ya shule yakawa ya kijivu.

Sasa, kwetu sisi Waluhya kila mtu anajua kuna watu wenye jicho, na majirani zetu wa makabila mengine walijua hivyo hivyo, kila mmoja kwa jina lake. Mwenye jicho si mchawi. Anaweza kuwa mtu mzuri, mtu wa kanisa kabisa, lakini akikitazama chakula chako kinaharibika. Mtoto anaumwa tumbo, maziwa yanakatika, maharagwe yanakataa kuiva. Bibi yangu alinifundisha kufunika sufuria mgeni akipita, nami nilifunika. Niliamini. Sioni haya kusema.

Kwa hiyo maharagwe ya ploti nzima yalipokataa, hakuna aliyeuliza ni nini kimebadilika. Waliuliza ni nani amekuja. Na tuliokuja ni sisi.

Aliyelianzisha ni Mama Ayub, jirani wa mlango wa pili, mwimbaji mkubwa wa kwaya. Alisema pale mferejini, wakati Mama anakinga maji. "Kabla hawa watu wa Mashimoni waje, yangu yalikuwa yanaiva nikiwa bado nafua. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Nauliza tu! Nimeishi miaka mingi na sijaona sumu inayoingia kwa upole kama hiyo. Siku tatu baadaye wanawake walikuwa wakifunika sufuria Mama akitokeza mlangoni. Watoto waliokuwa wakila barazani waliitwa ndani na sahani zao. Mama alijifanya haoni, lakini usiku nilimsikia akimwambia Baba, "Wanataka tuhame." Baba akasema, "Tuhame twende wapi? Kazi yenyewe nimeanza juzi."

Baba Wanjiku aliitisha kikao uani. Alisema hataki fujo kwa ploti yake. Mama Ayub akaeleza namna mambo kama hayo yanavyoamuliwa nyumbani. Anayeshukiwa anapika pamoja na mwanamke asiye na lawama, maharagwe ya gunia moja, majiko mawili pamoja, bila magadi, bila mtu kugusa kifuniko. Yakiiva yote, watu wamemshuku bure. Ya mshukiwa yakikataa, amejulikana, na anaondoka.

"Mke wangu atapika naye," akasema Baba Wanjiku. "Huyu hana neno na mtu."

"Sawa," Mama akajibu. "Mimi nimelisha watu maharagwe tangu nikiwa msichana. Leteni."

Siku moja kabla ya kupika, nilikuwa naruka kamba na Wanjiku nyuma ya nyumba yao. Nilishikwa na kiu, nikasema naenda mferejini. Akanishika mkono.

"Wee, usikunywe hayo. Njoo nikupe ya tangi. Baba alisema ya mfereji siku hizi si ya kanjo ya jiji, ni ya pampu yake ya shimo refu huko chini. Sisi hatuyatumii. Ni ya wapangaji."

Nikanywa, nikarudi kuruka kamba. Mtoto ni mtoto.

Jumamosi watu walijaa uani kama wamekuja harusini. Mama alijaza sufuria yake mferejini, kila mtu akiona. Mama Wanjiku, mke wa mwenye ploti, alitokea nyumbani kwake na sufuria yake ikiwa tayari imejaa, imefunikwa vizuri. Hapo ndipo neno la Wanjiku liliponirudia. Nilimtazama Baba Wanjiku. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ametulia tuli, na hata kama mkewe hakufikiria chochote alipochota maji aliyozoea, yeye alijua. Alijua, na alikaa!

Mchana walifunua. Maharagwe ya Mama Wanjiku yalipondeka kwa vidole viwili. Ya Mama yalikuwa yamechubuka ganda tu, ndani ni mawe. Mama Ayub akapiga makofi mara moja, akasema, "Haya. Macho yenu yameona."

Sikungoja. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Maji si mamoja! Mama Wanjiku amechota ya tangi! Ya mfereji ni ya pampu, Wanjiku ndiye ameniambia!"

Baba Wanjiku hakunitazama mimi. Alimgeukia Mama, akamuuliza polepole, "Mama Nekesa, mtoto wako anasema nawauzia watu maji mabaya. Na wewe unasema hivyo?"

Mama alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga mbele za watu, na lile lilinipeleka chini. "Nyamaza! Mambo ya watu wazima huyajui!" Kisha akawageukia wale watu, akainamisha kichwa, akasema, "Ni mimi. Nisameheni. Sikujua kama nina jicho."

Na hapo, jamani, mwenye ploti akawa mtu wa huruma! Akasema aliyekiri asifukuzwe, sisi wote ni Wakristo. Tukae. Ila Mama apike ndani, mlango umefungwa. Achote maji wa mwisho. Asitazame chakula cha mtu. Watu wakamsifu kwa busara yake, wakaenda zao.

Tuliishi hivyo miaka minne. Maharagwe yao hayakuiva vyema hata siku moja, lakini walisema jicho linapita kwenye nyufa za mbao. Meno ya ukubwa ya mdogo wangu Wafula yalitoka na madoa ya kahawia ambayo hayakusuguliwa yakatoka, nayo pia wakasema ni mamaye, amemtazama sana akila. Hilo alilisikia. Tangu siku hiyo sisi tukikaa kula, Mama aligeukia ukuta, na alikula sisi tukishamaliza.

Nilimkasirikia. Si kwa kofi, kwa lile neno, "ni mimi". Niliona amejiuza kwa ujinga wa watu, na nilibeba hasira hiyo shuleni, chuoni, mpaka nikawa mwalimu wa sayansi kimu. Huko chuoni ndiko nilikofundishwa kwamba maji mengine ya chini ya ardhi hubeba chokaa na madini, na chokaa hiyo hukaza ganda la maharagwe na kuua povu la sabuni. Na yapo yanayotia meno ya watoto madoa. Nilisoma ukurasa huo wa kitabu nikalia darasani, mbele ya wenzangu.

Likizo ilipofika nilikwenda Bungoma, Mama alikokuwa amerudi. Nilimweleza yote kama anayemtoa mtu jela. Aliendelea kuchambua mboga mpaka nikamaliza.

"Nekesa," akasema, "hayo nilijua wiki ya kwanza maharagwe yalipokataa. Mtu mwenye jicho huharibu chakula. Sabuni je? Sabuni nayo nilitaka kuila?"

Alitupa jani bovu kando.

"Siku ile nilikusikia. Na yule mzee alijua nimekusikia, ndiyo maana aliniuliza vile. Alikuwa ananiambia nichague. Sasa niambie wewe mwalimu, ningesema ni maji, tungelala wapi?"

Miaka yote nilikuwa nimemkasirikia mtu asiyehusika. Bibi yangu aliamini jicho, akafunika sufuria zake, na hakumuumiza mtu. Baba Wanjiku hakuamini jicho hata chembe. Mtu anayeamini kosa ni la jicho hawatengei watu wake maji ya tangi na kulitia kufuli. Aliikuta imani ya watu mahali pake akaificha pampu yake nyuma yake, akamwacha mwanamke mgeni abebe lawama ya bomba. Mnyonge hana haki, wazee walisema, na mimi nilidhani ni msemo tu. Huyo mzee amekwisha kufa, nami bado sijamsamehe, na wanaotaka nimsamehe wasinisumbue.

Mama naye alifariki. Mwaka uliofuata nilikwenda Kawangware kwa harusi ya mtoto wa rafiki, nikakutana na Mama Ayub, mzee wa mkongojo, meno hana. Alinitambua. Akanishika mikono kwa furaha ya kweli.

"Na mamako? Yule wetu wa jicho?"

Nikamwambia amefariki. Nikamwambia pia kwamba hakuwa na jicho lolote, yalikuwa maji, na nikamweleza taratibu kama ninavyowaeleza wanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa mkono kwa huruma.

"Lakini si alikubali mwenyewe, mbele yetu sote?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Alikubali. Na sisi tukapata pa kulala."