Noti Yenye Doa Jekundu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Darasa la nne nililiacha, nikabeba magunia kwenye mashine za watu pale Ifakara, na leo mashine ya kukoboa mpunga ni yangu, waliosoma wananiamkia.

Msimu ule hela za droo ya mashine zilikuwa zinapungua. Nikamshuku fundi wangu, Mpogoro mmoja mpole kupita kiasi. Nikachukua kalamu nyekundu, nikatia doa kwenye sikio la yule tembo wa kila noti ya elfu kumi iliyokuwa kwenye droo. Sikumwambia mtu. Nikaenda Namawala kununua mpunga. Narudi jioni, noti moja hakuna! Nikaumuka kwa hasira.

Kesho yake tulikuwa msibani kwa jirani. Fundi ndiye aliyepewa beseni la rambirambi, anapokea na kurudisha chenji. Namtazama, anainua noti ya elfu kumi: doa hilo, jekundu!

Nikamkunja shati. "Mwizi! Unaniibia, halafu unakuja kujifanya mtu wa huruma na hela yangu!"

Vilio vikakatika. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, mwachie! Hiyo nimeitoa mimi."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye droo. Si ulisema jina lako lisikose kwenye orodha ya rambirambi, na uwe wa kwanza kusomwa? Ungesomwa kwa mia tano?"

Wanawake wakacheka, msibani! Hata mfiwa aliziba mdomo kwa kanga. Na kumbe siku zote mke wangu ndiye anayechota kwenye droo, ya mboga, ya michango, bila kuniaga. Mtu unaweka alama kwenye jasho lako, unaonekana mwendawazimu!

Wazee wakakaa pembeni, wakaniita. "Bosi, msiba umeuvunja. Leta mbuzi na sukari kilo kumi."

Mbuzi elfu tisini. Sukari elfu thelathini. Fundi naye akanitupia funguo miguuni, na mpunga wa watu umejaa mpaka barabarani, na ile mashine kuukuu haimsikii mwingine.

"Narudi," akasema, "ukinifuta aibu kwa elfu hamsini. Nazo usizitie doa."

Nikatoa, meno nimeyauma. Ukijumlisha na ile elfu kumi ya beseni: laki moja na elfu themanini.